Moshi Anaousikia Mjomba Peke Yake

Landless, Thika
Jumapili, tarehe 8 Juni

Mama mpendwa,

Leo nitakueleza kila kitu, pamoja na yale ambayo kwenye simu nilisema "tuko sawa tu". Simu haifai kwa jambo hili, kwa sababu wewe huiweka kwenye spika ukiwa unakamua na majirani wote wanasikia. Barua utaisoma peke yako. Tafadhali isome ukiwa umekaa.

Kwanza, hujambo? Kifua kimepoa? Huku baridi ya mwezi wa sita imeingia, na najua huko Ndaragwa inauma zaidi, kwa hivyo usitoke alfajiri bila lile koti la Baba. Mimi ni mzima na masomo yanaenda vizuri. Anti Nyokabi pia ni mzima. Mjomba Kariuki ndiye amenifanya niandike.

Unajua kazi yake ni kuonja kahawa kiwandani, lakini sidhani umewahi kumwona akiifanya. Mimi alinipeleka likizo ya Aprili. Vikombe hupangwa kwenye meza ndefu, kila kikombe na kahawa ya shamba lake. Yeye huzamisha kijiko, huvuta ile kahawa mdomoni kwa kelele mpaka utafikiri bomba limepasuka, kisha huitema ndooni na kwenda kikombe kingine. Anti humtania mbele ya wageni: "Wanaume wengine wanajenga barabara. Wangu anatema." Kwa ajili ya kazi hiyo nyumba hii haina manukato, sabuni yetu haina harufu, na vitunguu saumu tunakula Jumamosi peke yake. Nilipomwuliza kwa nini anavuta kwa kelele, alisema, "Ulimi wangu si kitu, Wairimu. Nataka kahawa ipande nyuma ya koo ifike puani." Siku hiyo sikumwelewa.

Mwezi wa tano alishikwa na mafua. Yalipoisha, Anti alisahau siku akakaanga vitunguu saumu Jumatano, halafu akakaa akingoja kugombezwa. Mjomba alikula yote akasema asante. Anti alinitazama, nami nikamtazama.

Wiki iliyofuata kiwandani alionja meza nzima, na kwenye karatasi akaandika "moshi" kwa kila kikombe. Kahawa huharibika hivyo ikikaushwa karibu na moto, na ikiandikwa moshi inakataliwa. Lakini si meza nzima, Mama, kahawa za mashamba yasiyojuana. Wenzake walionja tena na hawakupata moshi wowote. Mkubwa wake, mzee mmoja Mhindi ambaye ndiye aliyemfundisha kazi, alimwambia taratibu, "Kariuki, nenda nyumbani upumzike." Akapewa mwezi mmoja. Pua isiporudi, hatarudi kwenye ile meza.

Tangu hapo anakaa nyumbani, na ule moshi anakaa nao. Tukiwa mezani anainua kichwa: "Nani anachoma kuni?" Sisi tunapikia gesi. Anatoka nje, anazunguka ploti, anarudi, na sahani anaisukuma kando kwa sababu kila chakula kina moshi. Amekonda, Mama. Mshipi wake ameutoboa matundu mawili mapya kwa msumari. Siku moja nilimsikia akimwambia Anti, "Ni mama. Mama ananitafuta." Alimaanisha Shosho, marehemu mama yenu. Anti alimwita mchungaji, akaja akaomba vizuri, akala chapati tatu, akaenda. Moshi ulibaki. Nakiri kwamba mara moja hata mimi nilisimama mlangoni nikanusa hewa, lakini sikusikia kitu.

Nilimweleza Mwalimu Atieno, anayetufundisha sayansi, bila kutaja ni nani. Alinikalisha saa nzima ya chakula cha mchana. Nami nakuandikia alivyonifundisha, kwa sababu bila hayo hutaelewa kilichofuata.

Ulimi una vipele, na kwenye vipele hivyo kuna vijumba vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Chakula kikiyeyuka kwa mate kinaingia humo, na vijumba vinatuma habari kwa mishipa ya fahamu hadi chini ya ubongo, halafu juu. Lakini habari zenyewe ni chache: tamu, chumvi, kali ya limau, chungu, na ile ladha nzito ya mchuzi wa nyama. Ule mchoro mliofundishwa ninyi, kwamba ncha ya ulimi ni ya sukari na nyuma ni ya uchungu, si kweli. Kila upande unaonja yote. Mengine yote tunayoyaita ladha, yale yanayotenganisha embe na papai, ni harufu inayopanda nyuma ya koo hadi juu kabisa puani. Ubongo unaunganisha hizo mbili na kutuambia ni kitu kimoja, kinywani. Tumedanganywa tangu tuzaliwe na hatukujua.

Nilirudi nikampima Mjomba. Nilimfunga macho kwa skafu ya Anti na kumpa kidogo kidogo kwa kijiko.

"Sasa daktari wa Landless ananilisha dawa," alisema.

"Funga mdomo, Mjomba. Hiyo ni nini?"

"Sukari. Hii chumvi. Hii limau. Wewe, hii ni kwinini?"

"Ni kahawa yako."

Uchungu aliupata, kahawa hakuipata. Nikamwambia kwamba ulimi wake ni mzima, kilichoumia kwa mafua ni uzi wa pua, yaani mshipa wa fahamu unaobeba harufu, na uzi wa namna hiyo huweza kuota tena. Daktari wa pua na koo huko Ruiru alisema vivyo hivyo, akamwagiza anuse vitu vinne kila asubuhi na jioni. Tunatumia karafuu, limau, majani ya mkaratusi na unga wa kahawa. Mimi ndiye ninayeshika kopo. Juzi kwenye mkaratusi alisema, "Kuna ubaridi." Nilifurahi sana, lakini Mwalimu akasema ubaridi unapita uzi mwingine, nisimpe matumaini kabla ya wakati. Namwamini, ila naendelea kushika kopo.

Sasa nafika penyewe. Mjomba aliniuliza, "Kama uzi umekatika, moshi natoa wapi?" Nilijibu kama nilivyofundishwa: ubongo hauzoei kimya, na usipopata habari wakati mwingine hujitengenezea. Na mahali harufu zinapofikia ni jirani na mahali tunapoweka kumbukumbu, ndiyo maana unga wa kahawa unaweza kumrudisha mtu utotoni. Nikasema kwa kujivuna, Mungu anisamehe, "Kwa hivyo si Shosho, Mjomba. Ni kitu ulichokiweka mwenyewe. Unanukaje huo moshi?"

"Kuni za mtarakwa," alisema. "Mtarakwa, na maziwa yaliyomwagikia mawe ya jiko yakaungua."

Nilitaka kuandika hayo kwenye daftari. Akaniambia niweke kalamu chini.

Mama, mimi kuungua kwa jiko la Shosho nimekusikia ukisimulia vipande vipande tu. Siku zote nimesikia kwamba Mjomba, akiwa na miaka tisa, alikuwa kisimani, akaja akakuta paa limeanguka. Si hivyo. Shosho alimwacha aangalie maziwa. Wenzake walimwita nje na mpira wa makaratasi, akatoka. Alirudi mbio alipoona moshi, akafika mlangoni, akainusa ile harufu, akaogopa kuchapwa, akajificha kwenye zizi la mbuzi. Kutoka zizini alimwona Shosho akija kutoka shambani akiita jina lake, kisha Shosho akaingia ndani ya moto kumtafuta. Yeye alikuwa hatua ishirini kutoka pale, na hakuitika.

Alinieleza hayo akiwa ameshika kopo la karafuu, wala hakulia. Akasema, "Mwandikie mama yako. Miaka thelathini nimeshindwa kumwambia." Nilimwambia alikuwa mtoto. Akasema, "Hilo si jibu, Wairimu," na ni kweli, halikuwa jibu. Sayansi yangu iliishia hapo. Najua moshi unatoka wapi, na kujua hakujamfanya ale.

Usimpigie simu kwa hasira kwanza. Kama utakasirika, nikasirikie mimi niliyeuliza. Anti anamchemshia uji kila siku na yeye anauchanganya tu kwa kijiko. Amesema kuna kitu kimoja anachotaka kujua, na ni wewe tu unayekijua, kwa kuwa ndiwe uliyekaa kando ya kitanda hospitalini zile siku tatu baada ya Shosho kutolewa motoni, mpaka akafariki.

Nisalimie kaka yangu mkubwa na umwambie asiuze yule ndama kabla sijamwona. Msalimie Baba, na jirani yetu fundi cherehani aliyenishonea sketi ya shule, imenitosha vizuri. Mdogo wangu wa mwisho mbusu mashavu yote mawili.

Kondakta wa gari la Nyahururu ameahidi kuleta barua hii Jumanne. Jibu mpe huyo huyo arudi nalo. Nitamngoja stejini nikitoka shule.

Ni mimi binti yako anayekupenda,
Wairimu

Swali lake nimeliandika peke yake hapa chini, kama alivyolisema: Shosho alifariki akijua kwamba Kariuki hakuwa ndani?