Sufuria ya Kwaya ya Musaga

Papa,

Leo asubuhi nimefagia kambi yetu yote ya wageni, mpaka pale pako ulipopenda kukaa, karibu na maji. Ngoja nikueleze kwa nini.

Tangu utuache, miezi saba sasa, naiendesha peke yangu. Hema zetu nne bado nzima, ile ya bluu nimeishona mara mbili. Vita vimetulia kidogo huku ziwani, na watu wameanza tena kuomba nafasi: maskauti, wanafunzi, vikundi vya kanisa. Wanaomba, Papa, halafu hawaji. Wewe ulikuwa unafagia sehemu yao, unapanga mafiga, unaweka mzigo wa kuni kavu, unaandika jina lao kwa mkaa juu ya ubao. Wasipofika, ulipika maharage yetu kwa kuni zao. Mimi nilinung'unika. "Apana, mutoto," ulisema. "Mutu ametuma neno. Utajuaje kitu imemupata mu njia?"

Sikuwa na moyo huo. Baada ya makundi matatu kunifanyia hivyo, nikatunga sheria: anayetaka nafasi alete kwanza sufuria yake kubwa, ikae kwangu mpaka siku ya kambi. Niliona nimekuzidi akili. Nani atasahau kambi huku sufuria yake iko kwangu?

Akina mama wa kwaya ya Musaga wakaleta yao, ya kupikia watu hamsini. Jumamosi yao ikafika. Nikafagia, nikangoja. Hawakuja, wala hawakutuma mtu. Nikafuta jina lao, nikaifudikiza sufuria nyuma ya nyumba na, nakiri, nilifurahi kidogo.

Jumatano akaja kiongozi wao, Mama Consolata, kwa miguu, viatu mkononi.

"Ee, mademwazeli! Sufuria yetu iko mu jela mpaka lini?"

Alicheka. Mimi sikucheka, nikaanza kumsomea sheria zangu. Aliningoja nimalize. Kisha akasema kwamba Ijumaa ile risasi zililia milimani, barabara ikafungwa, na mume wa mwimbaji wao mmoja akauawa akitoka shambani.

"Tunapikia watu ya kilio mu tusufuria tudogo tudogo. Wengine wanalala njaa. Hiyo kubwa ni moja tu kwetu."

Hakunilaumu. Hilo ndilo lililoniuma.

Niliibeba mwenyewe kichwani, kupitia Kanyosha hadi Musaga, yeye mbele mimi nyuma. Vijana wa sokoni, wanaojua nimesoma chuo kikuu, wakanizomea: "Angalia, universitaire anauza sufuria!" Ungecheka, Papa. Msibani nilikaa jikoni na akina mama, nikachambua mchele, na hapo ndipo nilipojiuliza hasira yangu yote ilikuwa juu ya nani.

Ilikuwa juu yako.

Ulinitumia neno kutoka hospitali: "Nifagilie fasi yangu, Jumamosi niko huko." Nilifagia. Nikakuwekea kiti na kuni pale karibu na maji. Akaja Tonton Mathias, mdogo wako, peke yake, kofia yako mkononi. Tangu siku ile sikumruhusu mtu yeyote kupiga hema pale. Na kila sehemu niliyoifagia ikabaki tupu ilinirudisha kwenye kiti kile. Nilikuwa nawakasirikia wageni kwa kosa ambalo hata wewe hukulitenda.

Kwaya wameomba tena, Jumamosi hii. Watakuja na yule mjane na watoto wake, wanahitaji nafasi kubwa. Sikuwaomba sufuria. Nimeandika jina lao kwa mkaa, na mafiga nimeyapanga pale pako, maana ndipo penye kivuli na upepo mzuri wa ziwa. Kiti chako nimekiingiza ndani. Kilikuwa kimeanza kuoza miguu.

Pengine barabara itafungwa tena. Basi nitapika maharage kwa kuni zao, nitafagia upya, na jina lao sitalifuta. Nakuahidi hivyo kwa kila aliyetuma neno, hata akichelewa mwaka mzima.

Lakini wewe, Papa, sikungoji tena. Pumzika. Jumamosi, Mungu akipenda, pale pako patakuwa na watoto.

Binti yako,
Espérance