Wamemvua Evelina fulana

Odeta, kaa chini kwanza. Ile kazi ya Evelina wetu kwenye kampuni ya sola ya Wazungu, hakuna kazi.

Hakuna. Alikuwa pambo la ufunguzi wa ofisi.

Asubuhi wamemvalisha fulana ya kampuni na hedfoni, wakamkalisha mbele ya kompyuta ambayo hata waya haina. Bosi wao katoka Ulaya kuja kuhutubia: "Tumewaletea ajira Mwanza." Ajira yenyewe Evelina, anaambiwa atabasamu zaidi.

Wageni walipoondoka, dada mmoja kapita na boksi. "Fulana, tafadhali." Fulana, Odeta. Kaenda kuivua chooni. Cheti chake cha umeme kiko kwenye mkoba, hakuna aliyekiulizia. Simu za wateja zinapokelewa hukohuko Ulaya.

Na mama yake alishatoa shukrani kanisani.

Sasa sikia. Anafika feri ya Kamanga arudi kwao, anakuta bango. Ile picha waliyompiga siku ya usaili. "Evelina yupo kwa ajili yako."

Bibi mmoja kaangalia bango, kamwangalia yeye, kamshika mkono. "Mwanangu, taa zenu za sola haziwaki kwangu tangu Jumapili."

"Shikamoo bibi," kamjibu. "Waliajiri picha. Washa kibatari."