Kisomeo cha Kaka Mwero

Kwale, 3 Februari 2025

Mdogo wangu Mbodze,

Assalaam alaykum. Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi, ila joto la mwezi huu halina huruma. Hafsa anakusalimu sana. Na kabla sijaendelea: ukipiga simu usimwulize mke wangu "Kaka anaendeleaje?" nami nimekaa papo hapo nasikia. Kilichozimika ni macho, si ulimi. Niulize mimi.

Sasa nina haja nawe, na wanijua kwamba si mwepesi wa kuomba. Tangu macho yazime mwaka juzi, kazi za wanachuo nasomewa na sauti ya kompyuta. Sauti ile haijui tahajia. Mtu akiandika "zarau" au "dharau", kwayo ni mamoja. Mwezi uliopita msahihishaji wa nje alikuta nimepitisha insha zenye makosa ya aibu. Mkuu wetu wa chuo, Bwana Ziro, ni mtu muungwana, lakini ameniambia wazi: mwaka ukiisha sina njia ya kusahihisha mwenyewe, atanihamishia ofisi ya ushauri nasaha. Mimi, mwalimu wa Kiswahili, nikakae ofisini niwaulize vijana wana huzuni gani!

Wageni fulani walituachia kisomeo cha breli. Ni kibao chenye safu ya vijipini. Maneno yakiwa kwenye kompyuta, vijipini huinuka ukayasoma kwa vidole. Breli nimejifunza, nimeihangaikia mpaka imekubali. Lakini kibao tukikichomeka, kimya. Kiwanda chake kilifungwa zamani. Wewe ndiwe unayeshinda ndani ya matumbo ya kompyuta. Waonaje?

Kaka yako,
Mwero

Juja, 6 Februari 2025

Kaka Mwero,

Shikamoo. Nami ni mzima, nakohoa kidogo tu kwa baridi ya huku. Nimekusikia kuhusu simu. Basi nakuuliza wewe: waendeleaje, Kaka? Walala? Wala?

Sasa kisomeo chako. Ndani kabisa ya kompyuta kuna programu tunayoiita kiini, ndiyo inayosimamia kila kifaa. Vifaa hukutana na kiini kwenye njia ya pamoja, nayo mafundi huiita basi. (Usicheke.) Ukichomeka kifaa, hutaja namba yake, nacho husajiliwa kwenye basi. Upande wa pili kumesajiliwa viendeshi, programu ndogo ndogo, kila kimoja na namba za vifaa kinavyovijua. Basi huviuliza viendeshi kimoja kimoja: "Hiki ni chako?" Kinachoitikia ndicho hukabidhiwa kifaa, kikakiamsha.

Nadhani kibao chako husajiliwa vizuri, ila hakuna kiendeshi kinachoitikia. Si kibovu, hakina wa kukipokea. Mwambie fundi wa chuo anitumie maandishi yanayotokea mnapokichomeka. Hii ndiyo kazi yangu kila siku, ingawa mimi huifanya kwa mita za maji.

Mdogo wako,
Mbodze

Kwale, 21 Februari 2025

Mdogo wangu,

Assalaam alaykum, na marahaba ya juzi. Nalala, nala, na leo sijui nikae au nisimame.

Flashi yako yenye kiini ulichokirekebisha ilifika jana. Garama, fundi wetu, akaiweka, akawasha kompyuta upya, akakichomeka kibao. Nikasikia kama mchele unaomwagwa kwenye sinia. Nikaweka vidole. Mbodze, vijipini vilikuwa vimeinuka! Garama akanifungulia insha ya kwanza. Nikasoma mstari mmoja, nikasema, "Hapa kaandika 'zahabu'." Garama akainama kwenye kioo, akasema, "Ni kweli, Mwalimu. Ni zedi."

Nilimwita Bwana Ziro. Akachagua insha mwenyewe, akakaa, nami nikamsahihishia yote mbele yake. Aliondoka akisema tuone tutakavyomaliza muhula. Hafsa akapika biriani jana hiyo hiyo, siku isiyo Ijumaa.

Ulifanyaje?

Kaka yako,
Mwero

Juja, 2 Machi 2025

Kaka Mwero,

Shikamoo. Nimecheka peke yangu kwa hiyo zahabu, wenzangu ofisini wakanitazama.

Nilichofanya ni kidogo. Kipo kiendeshi cha vifaa vinavyofanana na chako. Nimeongeza namba ya kibao chako kwenye vile kinavyovijua, nacho kikaitikia. Lakini nilichokutumia ni nakala yangu tu. Chuo kikisasisha kompyuta, itafutika. Ili kazi idumu, ni lazima wanaotunza kiini waikubali, iingie kwenye kiini chenyewe kinachotumika dunia nzima. Jana nimewapelekea. Mkubwa wangu anasema najisumbua bure, watu wa huko hawana muda na mtu wa mita za maji. Nimemwambia nitafanya baada ya saa za kazi.

Niombee.

Mdogo wako,
Mbodze

Kwale, 9 Aprili 2025

Mdogo wangu Mbodze,

Assalaam alaykum. Natumai kikohozi kimeondoka. Hujaandika mwezi mzima, nami nilikuwa nasubiri habari njema ili nikupe hii mbaya.

Kompyuta za chuo zimesasishwa wiki ya mitihani. Kibao kimezima. Garama alitaka kurudisha kiini chako, akakatazwa. Makao makuu ya chuo hayaruhusu tena kiini kisichotoka kwa watunzaji wenyewe. Insha zimenirundikia mezani. Bwana Ziro alikuja akasimama mlangoni, nikamsikia anavyopumua. Akasema, "Mwalimu, mimi nilikiona kikifanya kazi. Lakini siwezi kuandika kwenye ripoti kwamba kilifanya kazi." Amewapa wenzangu madarasa mawili. Nimebaki na moja.

Kaka yako,
Mwero

Juja, 12 Aprili 2025

Kaka Mwero,

Shikamoo. Sikuandika kwa sababu sikuwa na la kujivunia.

Wamenikatalia. Mtunzaji wa sehemu ile amejibu kwa barua pepe inayosomwa na wote, kwa maneno machache: "Kiendeshi hiki kinadai kisicho chake." Ni kweli. Namba ya kibao chako kumbe imo pia kwenye mizani fulani za dukani, kwa kuwa viwanda viwili vilinunua chipu moja. Mizani hizo zina kiendeshi chao. Kazi yangu ingeingia, mizani ya watu ingepokewa na kiendeshi cha breli na kunyamaza. Mimi ninayefanya kazi hii kila siku sikulifikiria hilo. Mkubwa wangu alisoma jibu lile akaniambia, "Si nilikwambia?"

Nimechoka, Kaka. Labda nikutafutie kompyuta yako mwenyewe, isiyo ya chuo, tuweke nakala yangu, tuishie hapo.

Mbodze

Kwale, 13 Aprili 2025

Mbodze binti Iddi,

Salamu nitazitoa mwisho.

Huyo mtunzaji amekutukana? Hapana. Amekuonyesha kosa lilipo, na amelionyesha vizuri kuliko mimi ninavyowaonyesha wanachuo wangu. Insha imerudishwa na wino mwekundu. Mwanafunzi wangu akiniambia basi aniandikie nyingine ya kusomwa nyumbani tu, ningemfukuza darasani.

Kompyuta siitaki. Nataka kibao kiitikiwe pale chuoni, mbele ya watu, kwa haki. Darasa moja nililobaki nalo nitalishika kwa meno. Tafuta kinachotofautisha kibao na mizani, uandike upya. Chochote utakachotaka kijaribiwe, mimi na Garama tupo.

Hafsa anakusalimu. Mimi pia.

Kaka yako,
Mwero

Juja, 27 Juni 2025

Kaka yangu Mwero,

Shikamoo, shikamoo tena. Je, mikono imepumzika? Mmejaribu na kujaribu kwa miezi miwili, wala hamkunilalamikia.

Wamekubali! Sasa namba pekee haitoshi. Kiendeshi kikiulizwa "Hiki ni chako?" hakiitikii mbio mbio, kwanza hukiuliza kifaa jina lake kamili. Likiwa la kibao, hukipokea. Likiwa la mizani, hujibu si changu, basi likaendelea kuuliza kwingine. Yule yule mtunzaji ameandika: "Safi. Nimeipokea." Maneno mawili tu, nami nikaenda chooni nikalia.

Kazi ikiingia, huandikwa aliyeiandika na aliyeijaribu, pamoja na anwani ya barua pepe, na maandishi hayo hayafutwi. Niliomba ruhusa yako kwa simu, nawe ukasema "Andika kikamilifu." Nimeandika: Mbodze Iddi, mwandishi. Mwero Iddi na Garama Ziro, wajaribu. Kumbe Garama ni mtoto wa Bwana Ziro! Hukuniambia.

Itachukua miezi kufika kwenye kompyuta za chuo. Vumilia.

Mdogo wako,
Mbodze

Kwale, 11 Novemba 2025

Mdogo wangu mpenzi Mbodze,

Assalaam alaykum warahmatullah. Mvua za vuli zimeanza, na Hafsa amekwisha kupanda kunde.

Kimefika. Jumatatu ya wiki iliyopita kompyuta za chuo zilisasishwa, bila flashi, bila mtu kugusa chochote. Nikakichomeka mwenyewe. Kikaitikia. Bwana Ziro amenirudishia madarasa yote matatu, na ripoti ameiandika akiwa amekaa mezani kwangu. Barua hii nimeipitia kwa vidole. Ukiona kosa, ni langu, usiisingizie kompyuta.

Lakini jambo lililonifanya nikuandikie leo ni jingine. Jana nimepata barua kutoka Ureno, kwa mwanamke nisiyemjua. Alikuwa mfasiri, naye haoni. Anasema kibao kama changu amekifungia kabatini miaka mingi, na wiki iliyopita, baada ya kompyuta yake kusasishwa, alikichomeka kwa kukata tamaa tu, kikainuka. Akatafuta nani amefanya hivyo, akakuta majina yetu na anwani yangu. Ameandika Kiingereza cha kutafuta maneno, kama changu, tukaelewana.

Mwishoni ameuliza hilo jina, Mbodze, ni la mtu gani, na la nchi gani.

Nimemjibu kwamba ni la Kwale, na ni la dada yangu.

Kaka yako,
Mwero