Mdomo wa Tangi Upande wa Bibi Yako

Mjukuu wangu Paulina,

Marahaba, shikamoo yako imenifikia hapa Nambis. Ng'ombe amezaa. Ila tangu tumzike bibi yako, nyumba ni kimya.

Umeuliza mdomo wa tangi uuweke wapi kwenye gari unalojiundia. Uwe juu kuliko tangi, bomba literemke bila kulegea katikati, na uweke mpira wa kutolea hewa, la sivyo petroli itakurukia.

Kuhusu upande, langu nililiunda Katesh ujanani, nikataka mdomo uwe kwa dereva. Bibi yako akakataa: "Weka kwangu. Ukijaza, tuongee dirishani."

Nikaweka kwake. Hata jana nilizunguka upande ule kujaza. Dumu la petroli likaisha, mimi bado nimesimama dirishani.

Babu yako