Mgeni Karuhusiwa Mkono wa Kushoto, Mimi Binti Nimenyimwa

Mpendwa mshauri Mama Kiyono,

Naomba msaada wako, na naomba usinionee haya, niambie ukweli hata kama unachoma, maana mume wangu kila nikimweleza anacheka, na wenzangu kazini wananiambia nisahau, na mimi kusahau nimeshindwa.

Nina mashoto tangu kuzaliwa. Mama yangu ni mwalimu wa chai kule Kanazawa, na katika chai kila kitu ni mkono wa kulia, kijiko kulia, kitambaa kulia, kipekecho cha mwanzi cha kutoa povu kulia, kwa hiyo utoto wangu nimeumalizia kwenye mkeka nimekalia visigino huku mkono wa kushoto umefungwa kiunoni kwa kamba ya kimono, na kila nikikosea nasikia, "Bega, Sayoko! Shusha bega!", na ole wangu nimwite mama, mle ndani yeye ni mwalimu. Nilipokuwa na miaka kumi na tisa, mbele ya wageni wake wa heshima, nikajisahau nikashika kipekecho kwa kushoto, akanitoa chumbani watu wote wakiona. Nikahamia Toyama, nikaolewa huku, na tangu siku ile hatusemezani.

Sasa mwezi uliopita nikaona kipeperushi pale stesheni, "Njoo upige chai yako mwenyewe, wageni wote karibuni", na picha ya mikono miwili tu, na mikono ile naijua, ni ya mama. Kumbe wanafunzi wa kudumu wamemwishia, siku hizi anapokea watalii kila Jumamosi. Nikajiandikisha kwa jina la ukoo wa mume wangu, nikavaa barakoa kama mtu mwenye mafua, nikajiambia nitaingia kama mgeni, nitakunywa, nitaondoka, basi.

Mama aliingia kichwa kimekuwa cheupe chote, akatuinamia sote sawasawa. Wenye barakoa tukazivua, tukala andazi letu tamu la maharagwe, kisha kila mtu akapewa bakuli apige chai yake. Jirani yangu alikuwa mzee mmoja mchangamfu, Bwana Kitajima, dereva wa basi mstaafu kutoka Nagano, akasema, "Mwalimu, unisamehe bure, mimi nina mashoto, huu wa kulia ni pambo tu!" Nikamhurumia mzee wa watu. Mama akacheka. Sijawahi kumsikia akicheka ndani ya chumba kile! Akamwambia, "Tumia mkono unaokutii, mgeni wangu. Chai haijui mkono."

Mshauri, damu ilinichemka. Chai haijui mkono! Tangu lini? Nikakamata kipekecho changu kwa kushoto, makusudi, nikaanza kupiga. Mama akawapitia wageni mmoja mmoja, huyu akamsifu, yule akamsifu, Bwana Kitajima akaambiwa povu lake zuri sana, akafika kwangu, akainama, akanitoa kipekecho mkono wa kushoto akakitia mkono wa kulia, akanibana vidole kama nina miaka saba. Halafu akasema kidogo tu, "Bega."

Nikainuka. Miguu ilikuwa imekufa ganzi, nusura nimwangukie Bwana Kitajima, naye akanidaka akisema, "Taratibu, dada, hata yangu imekufa!" Nikatoka nikipepesuka, chai yangu nikaiacha pale pale na povu lake, sijaionja.

Jana mdogo wangu Naoki kanipigia. "Dada, wewe ndiye uliyemwachia mama chai?"

"Nani kakwambia?"

"Bakuli limeniambia. Liko jikoni kwa mama, povu limekaukia ndani, hataki mtu aliguse. Tulipokuja kumwona, mke wangu alitaka kulisafisha, kafokewa mpaka basi." Akaniambia pia kwamba magoti ya mama yamekataa, chumba kinafungwa mwisho wa mwaka, na yeye anamchukua akaishi naye Nagoya. "Kama una neno naye ndani ya chumba kile, liseme sasa."

Mimi naona ananiadhibu, maana tulipokuwa wadogo kila mtu alisafisha bakuli alilolichafua mwenyewe. Nimeapa sikanyagi pale mpaka aniombe radhi kwanza. Mume wangu anasema mtoto wa nyoka ni nyoka, tutasubiriana mpaka kaburini. Je, niende, au nisubiri radhi yangu?

Mwenye Mashoto, Toyama

*

Mwenye Mashoto, mwanangu,

Pole. Kumfunga mtoto mkono aliozaliwa nao ni kosa, na kumtoa mbele ya watu ni kosa juu ya kosa. Radhi unastahili. Hilo nalisema waziwazi, na mama yako akisoma gazeti hili alisome vizuri.

Sasa zamu yako. Mtu mzima haachi chai inatoa povu akajiondokea, hata angekuwa kakaribishwa na adui yake! Ulimkosea adabu mwenye nyumba mbele ya wageni, yaani jambo lile lile ulilomnunia miaka yote hii. Mumeo ana haki ya kucheka.

Halafu unaniuliza kwa nini dereva wa basi kasifiwa na wewe kusahihishwa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe jembe umepewa siku hiyo hiyo, kwa sababu hukuwa mgeni hata kidogo. Jina la mume, barakoa, mafua ya uongo, vyote vya nini? Alikujua tangu alipoingia akawainamia. Bwana Kitajima akipiga chai vibaya, mama yako atalala usingizi wake. Wewe ukiinua bega, hapati usingizi. Sisemi ni sawa. Nasema ndiyo lugha pekee aliyonayo, na wewe unaijua kuliko mtu yeyote.

Na hilo bakuli. Nimekaa na walimu wa chai maisha yangu yote, na sijaona hata mmoja anayelaza bakuli chafu. Huyu kalilaza, tena kamfokea mkwe wake kwa ajili yake. Adhabu gani hiyo? Mwenye kutaka kukufuta angelisafisha jioni ile ile akalirudisha kabatini. Kwangu mimi, mama huyu anakungoja, na mdomo umemshinda.

Kwa hiyo usisubiri kitu. Chumba kikifungwa kimefungwa, na radhi ya Nagoya, kwenye kochi la Naoki mbele ya televisheni, haitakutosha.

Piga simu, ujiandikishe Jumamosi hii kwa jina lako ulilozaliwa nalo. Barakoa iache nyumbani. Ukifika, kabla hujakalia mkeka, pitia jikoni ukalisafishe bakuli lako kwa mikono yako, usimwombe mtu ruhusa. Kisha kaa na wageni, upige chai yako kwa kushoto. Atakuja, nawajua walimu wa namna yake, atakihamishia kipekecho kulia. Usiinuke! Kirudishe kushoto polepole, bila kununa, umtazame usoni, umrudishie maneno yake mwenyewe, na umwite kwa lile jina alilokukataza humo ndani: "Mama, chai haijui mkono."

Kisha inywe, uimalize.

Mama Kiyono