Vyungu Vitupu Ghorofani

Mayu,

Sijui kama huko mliko barua zinasomwa, lakini hapa sina mwingine wa kumwambia. Unanijua mwanao. Ulizoea kusema mimi hata mkono unaonilisha naukagua kwanza.

Tangu tukuzike Ngulyati mambo yamegeuka. Pamba sasa inanunuliwa na yeyote mwenye mzani na lori. Ghala la ushirika, pale ulipokuwa karani, limepigwa kufuli, na hizi kota zetu za ghorofa tunasikia zitauzwa. Wanaume tusiowajua wanapanda ngazi, wanapima vyumba kwa macho, hawasemi wametumwa na nani. Nawafuata nyuma hadi waondoke.

Maua yako pale kibarazani nilikuwa nayamwagilia kila siku. Nilijitahidi, mayu. Kiangazi kilipoingia majani yakawa ya njano, yakalala, yakakauka. Nikasema hapa kuna mkono wa mtu. Unakumbuka majirani walivyonong'ona ngazini kwamba vile vitunguu vya maua ulivyopanda karibu na mlango ni dawa za kichawi? Siku moja nilirudi kutoka sokoni, nikafukua chungu kimoja kwa kidole. Kitupu. Nikafukua vyote vinane, vyote vitupu.

Nikamshuku bibi Minza wa mlango wa pili. Macho yake unayajua, mekundu kwa moshi wa miaka yote ya kupikia kinyesi cha ng'ombe. Asubuhi aliponiambia "Mwangaluka" sikuitikia. Nikaenda bombani, nikasema mbele ya wanawake wote kwamba bibi huyu kachukua mizizi ya marehemu, ana kazi nayo. Nilisema mimi, mayu. Kwa mdomo wangu huu.

Juzi ilinyesha mvua ya kwanza, bibi Minza akabisha hodi. Mwanawe alikuwa nyuma yake, godoro begani. Bibi akanipa kikapu cha majivu, ndani yake vitunguu vyako, vikavu na vizima. "Majani yakifa, vyenyewe vinalala," akasema. "Mama yako alikuwa ananipa nimtunzie kila kiangazi, kwenu kuna panya. Safari hii nilivitoa mwenyewe. Nilitaka kukuambia, hukuitikia salamu." Hata hapo nikavihesabu. Tisa. Nikajiuliza anataka nini kwa hicho cha ziada, hadi nilipoona kimebanduka ubavuni mwa mwenzake. Kilikuwa kimezaliwa tu.

Mwanawe hakunisalimia. Alisema watu wawili wageni wamekuja kuulizia mlango wa mama yake, kwa hiyo anampeleka kwake Shishiyu. Unajua maana ya kuuliziwa hivyo, kwa kikongwe mwenye macho mekundu aliyekwisha kuitwa mchawi: wanarudi usiku na mapanga. Neno lile lilitoka kwangu.

Mbona hukunidokeza habari ya majivu? Nimekukasirikia siku mbili nzima. Halafu nikakumbuka ulivyokuwa ukinyamaza kila nilipoanza kumchunguza mtu. Labda uliona ukinitajia bibi Minza nitamshuku mapema zaidi.

Vitunguu nimeshavipanda. Jumapili hii kanisani sitaonekana, nitapanda gari la asubuhi kwenda Shishiyu. Nitasimama mbele ya wanawe na majirani zake, niseme nilimzushia. Nikirudi nitakwenda bombani niseme hivyohivyo, mbele ya wanawake walewale. Hilo nakuahidi, hata wakinicheka.

Kwaheri, mayu. Niombee nimkute hai.