Sikusimama kwa Mbunge

Jumapili jioni

Sikusimama, basi. Mwanangu Elia ni mbunge sasa, sawa, lakini ni mimi niliyembeba mgongoni mpaka zahanati alipougua surua.

Leo alikuja kuhutubia sokoni Soni. Watu wote wakasimama kumpokea. Mimi nilikaa juu ya gunia langu la karoti. Jirani yangu Hoza akanivuta shati: "Inuka, mzee! Mheshimiwa anapita."

Nikamwambia, "Huyo mheshimiwa nimemzaa mimi. Nyamaza."

Watu wakacheka. Moyoni niliogopa. Angepita bila kunisalimu, uso ningeuweka wapi?

Elia akawaacha wakubwa aliofuatana nao, akaja akainama mbele yangu. "Shikamoo baba." Nikaichelewesha marahaba kidogo, Hoza asikie vizuri.

Lakini Elia hakuinuka. Alikuwa anautazama mguu wangu. Akapandisha suruali yangu palepale mbele za watu, akafungua kitambaa nilichofungia kidonda.

"Baba, hiki tangu lini?"

"Tangu tuvune viazi."

Akaninong'oneza, "Ndiyo maana hukusimama."

Kweli tupu. Nilikuwa siwezi. Miaka yote ile aliyotibu watu kijijini Mnazi, kabla ya ubunge, haijamtoka machoni. Sokoni pote, ni yeye tu aliyeona.

Kesho naenda hospitali, ameniamuru. Naogopa wasije wakaukata mguu.

Hoza anazunguka kijijini anatangaza kwamba mimi ni mkaidi, sikusimama hata kwa mbunge. Nimemwacha atangaze.